Mti Tuliomuuzia Terblanche

Mimi ndiye ninayesafisha meza baada ya sala ya Sabato, kwa hiyo habari za uchafu msinifundishe. Watu wakishashiba na kwenda zao, nabaki na samaki wa siki aliyemegwa mara moja akaachwa, keki kavu za mayai zilizolowa divai, na vikombe vyenye rangi ya midomo ya wake za watu. Harufu yake hainitoki kwenye nywele mpaka Jumapili. Nimezoea. Lakini kuna Sabato moja iliyonitia kichefuchefu cha kweli, nayo ndiyo ile waliyoiita Sabato ya Kijani.

Siku hiyo Lance Gavronsky, wakili, mwenyekiti wa kamati ya mazingira ya sinagogi letu hapa Johannesburg, alipanda mimbarini akatuhubiria joto la dunia. Alisema barafu inayeyuka, alisema mabwawa yetu yatakauka, alisema sisi Wayahudi tumekatazwa kuharibu kitu chochote chenye manufaa. Aliongea vizuri mno, kuna waliotoa leso. Kisha tukatoka uani tukala kwenye sahani za plastiki, nene kuliko za siku zote, zilizotolewa bure na Ivor Zackon. Huyu Zackon ana kiwanda cha plastiki, na ndiye mfadhili mkuu wa kamati ya mazingira. Mtu alikuwa akila kipande cha samaki, anatupa sahani, anachukua nyingine kwa ajili ya keki. Niliijaza mifuko myeusi mpaka ikapasuka.

Jioni, Sabato ilipokwisha, nilimkuta Rhona Sandak kwenye sinki la jikoni, amekunja mikono ya blauzi, anaziosha zile sahani moja moja.

"Mwenzangu, achana nazo," nikamwambia. "Watakuita tena mama takataka."

"Waniite. Mwaka jana walikuwa wananiita panya, nimepanda cheo."

Huyo ndiye Rhona. Alizaliwa Lindley, kule jimbo la Free State, enzi zile kila mji mdogo ulipokuwa na duka la Myahudi mmoja. Baba yake aliuza mablanketi na mafuta ya taa, na kwao hakikutupwa kitu, hata kamba ya gunia ilikunjwa ikawekwa. Aliolewa na Issy, fundi saa, mtu mpole asiyekuwa na haraka na lolote, na Mungu hakuwajalia mtoto. Issy alipofariki, Rhona alikuwa keshakuwa mwalimu wa chekechea yetu kwa miaka mingi kiasi kwamba hakuna aliyekumbuka chekechea kabla yake. Alifundisha watoto, halafu akafundisha watoto wa watoto hao. Lance mwenyewe alipita mikononi mwake, akimlilia mama yake na kujikojolea.

Nyuma ya sinagogi, kwenye ua wa chekechea, kuna mforosadi. Ni mti mkubwa, mbaya wa sura, shina limejaa nundu. Kila masika watoto wa mji huu hufuga viwavi wa hariri kwenye maboksi ya viatu, na kiwavi wa hariri hali kitu kingine ila jani la mforosadi. Basi Rhona hakuhitaji somo lingine. Mtoto alikuja na boksi lake, akapanda juu ya kiti, akachuma majani, akakaa chini kusikiliza viwavi wakitafuna. Tunda likiiva, mtoto anasoma baraka kwanza, ndipo anakula. Neno mazingira sikulisikia kinywani mwake hata siku moja. Lakini mtoto aliyetoka kwake alijua kwamba usipochuma jani leo, kesho kuna kiumbe kitakufa kwenye boksi lako.

Kamati nayo ilikuwa na namna yake ya kufundisha. Ilipofika Mwaka Mpya wa Miti, waliwapanga watoto na miche kwenye vyungu, wakaleta mpiga picha, wakapiga makofi. Sikukuu hiyo kule Yerusalemu huangukia majira ya kupanda. Hapa kwetu ni kiangazi, jua linakaanga mawe. Miche yote ilikauka, na vyungu nilivitupa mimi.

Ndipo wakaja na hili la Kituo. Kituo cha Elimu ya Mazingira cha Ivor na Charmaine Zackon, jengo la vioo, viyoyozi kila chumba, skrini kubwa ya kuwaonyesha watoto misitu, na paneli za sola juu ya paa ili tusahau mgao wa umeme. Michoro ilibandikwa ukumbini. Niliangalia, nikatafuta mforosadi, sikuuona. Kumbe jengo linakaa pale pale uliposimama, na hata wangelisogeza kidogo, kivuli cha mti kingeziba paneli.

Kwenye mkutano wa wanachama Rhona alisimama. Si mtu wa kusimama mikutanoni.

"Lance, humo ndani utawafundisha watoto nini?"

"Miti, Mwalimu. Miti, maji, hewa."

"Miti ipi?"

Watu wakacheka. Lance naye akacheka, kwa upole, kama anayemchekea bibi yake.

"Jengeni pale kwenye maegesho," Rhona akasema. "Mniachie mti wangu. Sina kingine cha kufundishia. Mkiukata huo mimi nimekwisha, nitakuwa mama wa kuwafuta kamasi tu."

Maegesho. Ukumbi ukazizima ungedhani ametukana. Hebu fikirini, hili ni sinagogi ambalo siku ya Sabato hakuna anayeruhusiwa kuendesha gari. Na kila mtu anajua kuwa nusu yao wanakuja na magari, wanayaficha barabara ya nyuma, kisha wanapiga kona kwa miguu huku wanafuta jasho wasilokuwa nalo. Maegesho hayo siku takatifu yanakaa matupu, ya kuonyeshea watu. Lakini katikati ya wiki, kwenye harusi na mikutano, nani akubali kuegesha mbali? Kura zikapigwa na mforosadi ukashindwa na lami. Nilitamani kutema mate, ila mtu hatemi mate ndani ya sinagogi.

Lakini palikuwa na kikwazo kimoja, na hicho hakikutoka kwa Rhona. Sheria yetu inakataza kukata mti wa matunda. Hata vitani, hata mji wa adui ukizingirwa, mti wa matunda haukatwi. Marabi wana njia zao pale panapokuwa na haja ya kweli, ila juu ya sheria kuna hofu, na hofu ni ya zamani kuliko sisi sote: anayekata mti wa matunda anajikatia maisha yake, au ya mwanawe. Nimewaona madaktari bingwa, watu wanaofungua vifua vya wenzao, wakizungusha ukuta wa nyumba ili wasiguse mti wa limau.

Rabi Menashe ni kijana, mwajiriwa, na ana watoto wadogo. Akamwambia Lance, "Njia ya kisheria ipo. Mnamuuzia mti mtu asiye Myahudi, akiukata amekata mali yake. Lakini uuzaji uwe wa kweli. Ukiwa mchezo, aliyekata ni wewe."

"Utakuwa wa kweli," Lance akasema. "Mimi ndiye nitakayeandika."

Aliandika. Hofu ilimfanya aandike kuliko alivyowahi kumwandikia mteja. Mti, shina, mizizi, matawi, matunda, haki ya kuingia na kutoka, wauzaji hawana tena neno wala dai juu yake milele. Mnunuzi alikuwa Danie Terblanche, mkandarasi aliyepewa kazi ya kujenga Kituo, Kaburu wa Boksburg, mnene, mcheshi, mtu wa kanisani. Nilikuwa nawapelekea chai ofisini walipotia saini. Terblanche akatoa sarafu, akaambiwa ainue leso ya Lance juu, maana ndivyo kwetu mauziano yanavyofungwa, akainua, akawa mwenye mti.

"Sasa nieleweshe, bwana," akasema. "Mnanilipa niukate, halafu mnaniuzia niununue. Mke wangu nikimsimulia hataniamini."

"Desturi tu," Lance akamjibu. "Karatasi karatasi. Unajua dini zilivyo."

Terblanche akacheka, akala keki zangu mbili. Rabi alikuwa anaangalia dirishani.

Siku ya kuweka jiwe la msingi ilikuwa Jumapili asubuhi, masika yameshika, forosadi zimeiva. Viti vyeupe, maua ya kuletwa, jukwaa, na meza yangu yenye sahani za Zackon, zamu hii za rangi ya kijani. Watoto walipangwa mbele kuimba wimbo wa miti. Utaratibu ulikuwa hivi: wimbo, hotuba, kisha wageni wanaingia ukumbini kunywa chai, na huku nyuma Terblanche anaukata mti kimya kimya. Ndiyo, mtoto aimbe mti, agawiwe keki, akitoka nje mti haupo. Mtu mwenye akili timamu alikaa chini akalipanga hilo.

Rhona alikuwa chini ya mforosadi anachuma majani ya kuweka akiba kwenye friji, viwavi wasije wakafa njaa wiki ile. Nilikuwa namshikia kikapu. Terblanche akaja na msumeno wake wa injini, akauweka chini kwa adabu, akavua kofia.

"Chuma tu, mama, sina haraka. Nasikia wewe ndiye mwalimu." Akachuma tunda moja akalitia mdomoni. "Hebu nisaidie. Kila ninayemuuliza ananiambia desturi. Kwa nini mlitaka huu mti uwe wangu kwanza?"

Rhona akaniangalia. Lance alikuwa amekwisha kumpigia simu Ijumaa kumsihi asilete fujo, na Rhona alikuwa amekubali. Asingemfuata mtu kumwambia. Lakini hakuwahi kumdanganya mtu aliyemuuliza, awe na miaka minne au sitini.

"Kwa sababu kwetu anayekata mti wa matunda inasemekana anakufa kabla ya siku zake," akasema. "Au mtoto wake. Kwa hiyo wanataka ukate wewe."

Terblanche aliacha kutafuna. Tunda alikuwa hajalimeza.

"Na wao wanaamini?"

"Wanaogopa. Sijui kama wanaamini."

"Binti yangu anajifungua wiki hii au ijayo," Terblanche akasema. "Lance anajua. Alinipongeza."

Akatema lile tunda. Akauinua msumeno akaenda nao moja kwa moja mpaka jukwaani, nasi tukamfuata. Watoto walikuwa katikati ya wimbo, wakaacha wenyewe mmoja mmoja.

"Bwana Lance," akasema, sauti yake ya kawaida tu. "Nimeambiwa mmeniuzia laana."

"Danie, si hapa. Tuongee pembeni."

"Hapa panafaa. Ni kweli au si kweli?"

"Ni imani za wazee," Lance akasema. "Ushirikina. Hakuna msomi anayeyashika hayo."

"Basi vizuri." Terblanche akamnyooshea msumeno. "Mti ni wangu, na mimi nakuruhusu. Ukate wewe."

Haki ya Mungu, sijawahi kuona mikono ikijificha upesi namna ile. Lance aliitia mifukoni. Akasema hana mafunzo ya mashine. Terblanche akamgeukia Zackon, "Basi wewe, mzee, Kituo si chako?" Zackon akafungua mdomo, mkewe Charmaine akamshika mkono wa koti, akamwambia kwa sauti iliyosikika mpaka mezani, "Ivor, usiguse." Terblanche akazunguka na msumeno wake safu ya mbele yote, kwa heshima, kama anayepitisha sinia ya vitafunio. Mhasibu anaumwa mgongo. Daktari ana zamu. Mkuu wa shule alikuwa ghafla anafunga kamba za viatu. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu, na sisi eti nguruwe hatumgusi.

Rabi Menashe peke yake ndiye aliyesema ukweli. "Mimi naogopa," akasema. "Nisamehe, ndugu yangu. Nilipaswa kukuambia."

Ningedhani aibu ingeishia hapo. Haikuishia. Lance alimsogelea msimamizi wa kazi wa Terblanche, akamnong'oneza, bila kujali kwamba mimi na Rhona tumesimama karibu yake na kikapu cha majani.

"Pale kona wanakaa vijana wa Malawi wanatafuta kibarua. Mchukue mmoja. Asiambiwe kitu."

Nilimwona Rhona akifumba macho. Nimeshika vyakula vilivyooza, nimezibua sinki la jikoni kwa mkono, sikuwahi kusikia kinyaa kile. Mtu asiambiwe kitu. Kijana wa watu, katoka kwao kutafuta mkate, abebeshwe kifo cha kuogopwa na mawakili, kisha alipwe posho na kupewa keki kwenye sahani ya kijani.

Terblanche naye alisikia. Akatoa ile karatasi ya Lance kwenye mfuko wa shati, akaifunua.

"Hapa umeandika hamna neno wala dai juu yake milele. Umeandika vizuri, hata mwanasheria wangu alikusifu. Mti ni wangu. Atakayeugusa namshitaki, na kazi yenu sijengi."

Akaingia kwenye gari lake akaondoka. Wageni wakaingia kunywa chai, maana chai ilikuwa tayari.

Baadaye Zackon alihamishia fedha zake kwenye kampeni nyingine, ya kusafisha fukwe za bahari, mbali kabisa na sisi. Kituo kikafa. Michoro ikabanduliwa. Lakini jioni ya Jumapili ile ile nilimpigia Rhona, mimi nikiwa na furaha ya kisasi, naikiri wazi.

"Umeshinda, dada," nikamwambia. "Mti umesimama."

"Nani aliyeuacha kwa kuupenda, Beryl?" akaniuliza. "Nitajie mmoja."

Nikatafuta jina la kumpa. Nilitaja la rabi, nikajisikia ninavyobabaisha. Akaniambia amechoka, akakata simu.

Jumatatu nilipita chekechea kumpelekea mikate iliyobaki. Ilikuwa saa ya majani. Watoto walikuwa na maboksi yao ya viatu mikononi, wamejibana kwenye ukuta wa upande wa pili wa ua, na viti vimesimama chini ya mforosadi bila mtu juu yake. Rhona alikuwa peke yake pale.

"Njooni," alikuwa akiwaambia. "Viwavi wana njaa."

Hakuna aliyetikisika. Talya, binti yake Lance, mtoto mwenye kauli, ndiye aliyejibu kwa niaba ya wenzake.

"Baba amesema tusiuguse. Ukiugusa unakufa."

"Ukiukata, Talya, ndivyo watu wanavyosema. Kuchuma jani si kukata."

"Yule mjomba mwenye msumeno naye aliogopa," mtoto mwingine akasema. "Na baba yangu aliogopa. Na rabi."

Mmoja akaanza kulia. Mwingine akaliweka boksi lake chini, akalisukuma mbali kwa mguu, kana kwamba majani ya Ijumaa yaliyokuwa humo yangemrukia. Nilisimama na mikate yangu. Kamati ile, kwa hotuba zake zote na picha zake zote, hatimaye ilikuwa imewafundisha watoto jambo moja kuhusu mti, nao walikuwa wamelishika barabara.

Rhona hakubishana nao. Akapanda juu ya kiti cha mtoto, umri wake ule, na magoti yake yale, akavuta tawi mpaka usoni pake. Akasoma baraka kwa sauti, neno kwa neno, kama alivyokuwa akiwasomesha. Kisha akachuma forosadi akala, akachuma nyingine akala, taratibu, huku anawaangalia, ili waone kwamba bado yuko hai. Alikula mpaka midomo na kidevu vikawa vyekundu na majimaji yakamchirizika mkononi hadi kwenye kiwiko.

"Mnaona?" akawauliza. "Nani anataka?"

Watoto walizidi kujibana ukutani, wakimwangalia kwa hofu. Rhona aliendelea kula.